Maswali ya Wasomaji: Masika Ndiyo Msimu wa Spana

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja: pikipiki ifanyiwe nini wakati kazi imepungua, ili msimu ukirudi isikuangushe njiani. Tumeanza na ile iliyotuchukua muda mrefu zaidi kuijibu.

Ndugu wahariri, naendesha bodaboda Ifakara, pikipiki ya Kichina yenye injini ya CG, cc 150. Masika njia za vijijini hazipitiki na abiria ni wa kuhesabu. Mpunga ukishavunwa, kuanzia Juni, nabeba magunia kutwa. Nina wiki sita na nimetenga shilingi 350,000. Fundi wangu anataka tuanze kwa kufungua injini. Nianzie wapi?

Kama injini inawaka kwa kiki moja au mbili, haitoi moshi na haijapungua nguvu, mwambie fundi aiache. Kila inapofunguliwa bila sababu unanunua gasketi mpya, na mara nyingi inarudi ikivuja oili mahali ambapo haikuwa ikivuja. Pesa yako ianze na vitu vinavyolala kwenye maji na matope: beringi za magurudumu, beringi za usukani, bushi za swingamu (ule mkono unaobeba gurudumu la nyuma), breki na cheni. Hivyo ndivyo vitakavyobeba gunia la kilo mia.

Wiki ya kwanza usinunue kitu. Kagua tu na uandike. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, weka tofali chini ya injini ili gurudumu la mbele lining'inie. Lishike juu na chini, ulisukume kama unalivunja. Likicheza "tk tk", beringi zimekwisha. Lizungushe huku umeshika shokapu kwa mkono mwingine. Beringi iliyoingiwa maji huisikii kwa sikio kabla hujaisikia mkononi, kama mchanga unaosagwa. Geuza usukani taratibu toka kushoto kwenda kulia. Ukisita kidogo ukiwa umenyooka, gololi zimechimba vishimo kwenye vikombe vyake, na hapo grisi haitakusaidia: nunua seti nzima, gololi na vikombe. Kisha shika ncha ya swingamu uisukume kulia na kushoto. Haitakiwi kucheza hata kidogo.

Beringi za gurudumu zina namba ubavuni, kwa mfano 6301 au 6302. Nunua kwa namba hiyo, na uchague zenye herufi 2RS, maana yake zimefunikwa raba pande zote mbili. Zenye kifuniko cha bati hazifai kwa anayevuka vijito. Wakati wa kuzifunga, mwagia habu (kitovu cha gurudumu) maji ya moto ili itanuke, halafu gonga ukingo wa nje wa beringi peke yake. Ukigonga ukingo wa ndani unaziharibu gololi kabla hata pikipiki haijatoka gereji. Kuna kosa jingine tunaliona mara kwa mara: kile kibomba kinachokaa katikati ya beringi mbili ndani ya habu hudondoka, hufikiriwa ni chuma tu, na gurudumu hufungwa bila hicho. Ukikaza ekseli, beringi zinabanwa kuelekeana na hazimalizi hata mwezi. Kibomba kiwepo, na kiwe na urefu wake wa awali.

Ukiwa umevua gurudumu la nyuma, tazama raba za habu zinazopokea mshtuko wa cheni. Chomeka sproketi (gia ya cheni) kwenye habu uizungushe kwa mkono. Ikienda mbele na nyuma kwa nafasi kubwa kabla ya kushika, raba zimelika. Ni bei ndogo, lakini zikiisha, kila unapoongeza moto kwenye aksileta cheni inapigwa nyundo.

Cheni usiihukumu kwa macho. Ya 428 ina milimita 12.7 toka pini hadi pini. Ivute ikaze, hesabu toka pini ya kwanza hadi ya 21, yaani viungo 20. Mpya inasoma milimita 254. Ikifika 259 imekwisha, na ukiiacha itakula sproketi zote mbili. Badilisha vitatu kwa pamoja: cheni, sproketi ya mbele na ya nyuma. Klipu ya kiungo, ule upande usio na mdomo, uelekee inakokwenda cheni. Ikifungwa kinyume, tope na majani huisukuma itoke.

Kwa wewe mbeba magunia kuna jambo la ziada kwenye kukaza cheni. Kipimo cha kawaida ni milimita 20 hadi 30 za kucheza katikati, pikipiki ikiwa haina mzigo. Lakini mzigo ukishuka, swingamu inapanda na cheni inajikaza. Waite watu wawili wakae nyuma mpaka ekseli ya nyuma, pini ya swingamu na sproketi ya mbele ziwe mstari mmoja. Hapo cheni iko kwenye ukazo wake wa mwisho, na bado lazima icheze kidogo. Isipocheza, itang'oa beringi ya shafti ya giaboksi, na oili itaanza kuvuja nyuma ya sproketi ya mbele. Wengi wakiona uvujaji huo hubadilisha sili mara tatu bila kujua ubaya uko kwenye cheni.

Kwenye injini fanya haya bila kuifungua. Pima tapeti, yaani mwanya wa valvu, injini ikiwa imepoa kabisa: fila (kibati chembamba cha kupimia mwanya) ya milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, alama ya T kwenye magneti ikiwa imelingana na valvu zote zimefungwa. Zikibana sana valvu hazikai vizuri kwenye viti vyake, moto unapita, zinaungua, na asubuhi pikipiki inakuwa ngumu kuwaka. Mwaga oili, fungua kofia kubwa ya chini inayoshika chujio la wavu (angalia springi yake isiruke), lioshe kwa mafuta ya taa. Jaza oili yenye maandishi JASO MA, kiwango cha oili ya pikipiki. Nyingi za gari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki inayoogelea kwenye oili hiyo hiyo huanza kuteleza mlimani. Ukikuta oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ulipovuka kijito. Badilisha, washa dakika chache, kisha ubadilishe tena. Oili ya mara ya kwanza inaondoka na maji yaliyobaki, kwa hiyo iwe ya bei nafuu.

Ukishakuwa na orodha, nunua kwa mpangilio huu: breki na tairi, kisha beringi, kisha cheni na sproketi zake, kisha bushi. Kinachobaki ndicho cha taa, kiti na mapambo. Na fanya kazi moja kwa wakati, ili siku mvua ikikatika pikipiki iweze kutoka.

Mimi ni mwanabodaboda wa Kitale. Breki ya nyuma inalia na haishiki, hasa mvua ikinyesha. Nimebadilisha brekishuu mara mbili mwaka huu. Mekanika anasema nijaribu za kampuni nyingine. Shida ni nini?

Shida haiko kwenye shuu, na kampuni ya tatu haitakuponya. Vua gurudumu utazame ndani ya drami. Kwenye chuma kumechorwa namba yenye neno MAX. Drami ya milimita 110, kwa mfano, hufika mwisho wake kwenye 111. Ikizidi hapo, shuu mpya inagusa sehemu ndogo tu katikati, inapata joto, inang'aa kama kioo, na kioo hakishiki. Kama drami haijafika kikomo lakini ina mistari, peleka ikachongwe kidogo, ilimradi ibaki chini ya namba hiyo.

Kisha angalia kemu, kile chuma kinachozunguka na kuzitanua shuu. Ichomoe, isafishe kutu kwa msasa laini, paka grisi kiasi cha punje ya mahindi, siyo zaidi. Grisi ikizidi itayeyuka na kuingia kwenye shuu. Kemu iliyoshika kutu hairudi haraka. Shuu zinaendelea kusugua hata ukiwa umeachia, na hapo ndipo zinapoishia.

Tazama pia mkono wa breki ulioko nje. Ukikanyaga, mkono na fimbo vifanye pembe mraba au pungufu yake. Kuna mafundi ambao shuu zikiisha huchomoa mkono, wanausogeza jino moja, wanaufunga tena. Breki inarudi kwa wiki mbili na mteja anashukuru. Lakini mshale wa kuonyesha ulaji wa shuu tangu hapo unasema uongo, na kemu inageuka kupita kiasi hadi siku moja inajifunga na gurudumu linasimama ghafla. Ukiona alama ya nukta kwenye mkono hailingani na ile ya kwenye kemu, irudishe mahali pake kwanza. Shuu yenye bitana chini ya milimita 2 ni ya kutupa.

Vumbi la drami usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lifute kwa kitambaa kilicholoweshwa maji. Halifai kuingia mapafuni.

Assalaam aleikum. Niko Wete, Pemba. Kwa siku za mvua napaka cheni oili chafu iliyotoka kwenye injini, maana ni ya bure. Kuna ubaya?

Waaleikum salaam. Upo. Oili hiyo imebeba unga wa chuma na masizi, na kazi yake kwenye cheni ni kusaga. Osha cheni kwa mafuta ya taa na brashi, siyo petroli, kausha kwa kitambaa, halafu tumia oili ya giaboksi namba 90. Dondoshea ndani ya cheni, upande unaogusa sproketi, huku ukizungusha gurudumu, na ufute inayobaki nje. Lita moja inakutosha miezi mingi. Kwa kuwa uko karibu na bahari, chumvi inakula waya za breki na klachi pia: chomoa upande wa juu, funga kifuko cha plastiki kama faneli, tia oili nyepesi na uiache ishuke usiku kucha.

Nipo Bukoba. Pikipiki inatoa moshi wa buluu. Fundi mmoja anasema ringi, mwingine anasema sili za valvu. Nataka kuitengeneza mwezi huu wa mvua ili nisisimame baadaye. Nimwamini nani?

Kiamini kipimo. Kwanza angalia kijiti cha oili: ikiwa imejazwa kupita alama ya juu, moshi unaweza kuwa huo tu. Kisha tazama moshi unatoka lini. Ukitoka pale unapoachia moto kwenye mteremko kisha ukaongeza, au asubuhi kwa muda mfupi halafu ukakata, shuku sili za valvu. Ukitoka muda wote, na unazidi unapobeba mtu, shuku ringi na silinda.

Kuhakikisha, azima geji ya kupimia mgandamizo. Injini ikiwa na joto, toa plagi, funga geji, fungua moto wote, piga kiki mara kadhaa na uandike namba. Mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu la plagi, pima tena. Namba ikipanda sana, oili imeziba nafasi ya ringi: ni silinda. Isipopanda na ilikuwa chini, hewa inapita kwenye valvu. Kama namba ilikuwa nzuri tangu mwanzo na moshi bado upo, sili za valvu ndizo za kubadilisha, na kwa hilo silinda haiguswi.

Ikithibitika ni silinda, nunua pistoni kabla ya kuchonga. Pistoni za ukubwa wa ziada huja kwa hatua za milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Anayechonga awe nayo mkononi aifuate, kwa sababu mbili zenye namba moja zinaweza kutofautiana kwa kiasi ambacho jicho halioni. Ingiza ringi peke yake kwenye silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, pima mwanya wa ncha zake kwa fila. Kwenye CG tunategemea 0.15 hadi 0.35. Ukifika 0.5 kwa ringi mpya, silinda imechongwa kubwa mno na una haki ya kuikataa. Maandishi kwenye ringi yatazame juu, na mianya yake isipangwe mstari mmoja.

Kilomita 500 za kwanza usibebe mzigo mzito wala usikae kwenye mwendo mmoja muda mrefu. Zikitimia, badilisha oili. Ndiyo maana tunasema kazi hii ifanywe sasa, siyo wiki ambayo abiria wamerudi.

Kaka zangu, nipo Hamburg. Nina Honda CB500F, namba yangu ni ya msimu, 03–10. Kuanzia Novemba haiwezi kwenda barabarani. Huku ni baridi na theluji. Miezi minne niitumieje, na pikipiki niihifadhije?

Kwa wasomaji wa nyumbani: Ujerumani kuna kibao cha namba chenye miezi iliyochapwa ubavuni. Cha 03–10 kinaruhusu pikipiki itembee toka 1 Machi hadi 31 Oktoba. Nje ya hapo hairuhusiwi hata kuegeshwa barabarani, kwa hiyo ndugu yetu ahakikishe ana sehemu ya ndani mapema.

Siku ya mwisho pita kituo cha mafuta ujaze tangi hadi juu, ukiwa umetia dawa ya kuhifadhi petroli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Tangi lililojaa halina nafasi ya hewa yenye unyevu kugandisha matone na kuleta kutu. Endesha kama dakika kumi ili petroli yenye dawa ifike kwenye injekta. Injini ikiwa bado na moto, badilisha oili na filta sasa, usingoje Machi: oili iliyotumika ina asidi na unyevu, na hiyo ndiyo ingekaa ikigusa beringi miezi minne. Osha pikipiki, hasa kama barabara zilishaanza kumwagwa chumvi, ikauke kabisa, halafu paka cheni mafuta yake. Cheni ya CB ina vipete vya raba; petroli na brashi ya waya huviua.

Betri itoe uiweke ndani ya nyumba. Iliyojaa ikiwa imetulia inasoma volti 12.6 hadi 12.8. Pima kila mwezi. Ikishuka chini ya 12.4 ichaji, au iache kwenye chaja inayojizuia yenyewe. Betri iliyokwisha chaji huganda kwenye nyuzi chache chini ya sifuri na kupasuka, lakini iliyojaa huvumilia baridi kali. Pima pia maji ya rejeta kwa kipimo chake. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu unakinga hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Simamisha pikipiki kwa stendi inayonyanyua magurudumu, au ongeza upepo kidogo na uyasogeze kila wiki chache. Ziba ekzosi kwa kitambaa, panya hupenda humo, na ufunge utepe mwekundu kwenye usukani ili usisahau kukitoa.

Na tafadhali usiwe unaiwasha dakika tano kila Jumapili. Injini haipati moto wa kutosha, mvuke unaganda kuwa maji ndani ya ekzosi na kwenye oili, na betri inapoteza zaidi ya inachopata.

Kuhusu maboresho: agiza vipuri Desemba na Januari, kwa sababu ikifika Machi gereji zote zinajaa. Mafuta ya breki ya DOT 4 hubadilishwa kila miaka miwili kwa kuwa yananyonya unyevu; kama umefika muda, hapo hapo ndipo pa kufunga mipira ya breki iliyosukwa kwa chuma, maana mfumo lazima utolewe hewa hata hivyo. Kabla ya kununua chochote, uliza kama kina hati ya ABE (kibali cha kipuri kutumika barabarani) au kinahitaji kukaguliwa na kuandikwa kwenye kadi ya pikipiki. Kitu kisicho na hati kinaweza kukufutia uhalali wa pikipiki nzima. Kama ukaguzi wako wa HU (ule wa lazima wa usalama wa chombo) unaangukia miezi ambayo pikipiki imelala, unatakiwa kuufanya mwezi wa kwanza wa msimu, kwako Machi. Weka miadi Februari.

Niko Songea. Kabla kiangazi hakijaanza nataka kufunga spoti mbili za LED za wati 20 kila moja. Rafiki yangu alifunga, sasa betri yake inakufa kila mara. Nifanyeje?

Piga hesabu kwanza. Wati 40 kwa volti 12 ni ampea 3.3. Betri ya ampea-saa 5, injini ikiwa imezimwa, haifiki saa moja na nusu. Sasa pima pikipiki yako: waya za mita ya volti kwenye betri, injini ikiwa kwenye mwendo wa kati, taa zote zimewashwa. Inatakiwa isome kati ya 13.5 na 14.5. Washa hizo spoti kwa waya wa muda. Ikibaki juu ya 13, sawa. Ikishuka chini ya 12.8 ukiwa umeongeza moto, magneti (kizalisha umeme cha injini) haitoshi, na taa hizo zitakula betri kila usiku. Funga moja, au chukua za wati 10. Ikipita 15 bila spoti, rekta (kifaa kinachodhibiti chaji) imekufa na inachemsha betri. Ibadilishe kwanza.

Usiunge kwenye waya wa taa kubwa. Toa waya toka chanya ya betri, weka fyuzi ya ampea 5 karibu kabisa na betri, upeleke kwenye mguu 30 wa relei (swichi inayowashwa na umeme). Mguu 87 uende kwenye spoti, 85 kwenye bodi, na 86 uje kutoka kwenye swichi iliyopata umeme wa funguo, ili ukizima pikipiki nazo zizime. Maungio yote yaelekee chini, yafungwe kwa mpira wa kubana kwa moto. Utepe mweusi wa kawaida hufunguka kwenye mvua ya pili. Elekeza mwanga barabarani, chini kidogo ya usawa wa taa kubwa. Anayekuja mbele yako naye anahitaji kuona njia.